Gari Lililomsonya Mwenyewe

Bwana Shekimweri alikuja kutoka mjini kumwambia Fundi Siwatu, mpangaji wake, abomoe banda lake la gereji kabla ya Ijumaa. Alipotaka kuondoka, gari lake kuukuu likakohoa, likazima.

"Kila safari ni hivi!" alifoka. "Likienda kidogo linakosa nguvu, linazima. Nimeweka plagi mpya, kabureta imesafishwa, wapi! Hebu litazame, fundi."

Siwatu akainama nyuma ya gari, akalegeza kifuniko cha tangi la petroli. Fyuuu!

"Umesikia, mzee? Limekusonya."

"Linisonye mimi, mwenye gari?"

"Husonywa aliyekosa. Leo umemkosea nani?"

Shekimweri akacheka kwa dharau. Siwatu akakaza kifuniko, gari likawaka, wakaondoka pamoja kulijaribu. Katikati ya mlima likazima tena. Siwatu akashuka, akalegeza kifuniko. Fyuuu!

Jasho likamtoka Shekimweri. "Basi, baki na banda lako!"

"Kwa maneno matupu? Hili halidanganyiki, mzee."

Shekimweri akaweka karatasi juu ya boneti, akaandika kuwa banda libaki miaka kumi, akatia sahihi. Siwatu akakipangusa kifuniko, akakirudisha. Gari likapanda mlima likiimba.

Ijumaa mume wa Siwatu alimkuta mkewe akipigilia bawaba ya mpira kwenye mlango wa banda.

"Mpira huo umeupata wapi?"

"Ndani ya kifuniko cha Bwana Shekimweri. Aliziba kitundu chake cha hewa kwa kipande cha tyubu ili petroli yake isitoke hata harufu, hewa ikakosa pa kuingilia. Ubahili wake ulilikaba gari koo. Sasa utanishikia mlango miaka kumi."