Bei ya Mwenyekiti

Kuna watu ambao kazi ya mwenzao huiona nyepesi kama unyoya, kwa sababu tu hawajawahi kuibeba. Mtu wa aina hiyo akipita kwa muuza samaki, atakwambia samaki ni wa bure ziwani. Akipita kwa fundi cherehani, atasema uzi si chochote. Watu hawa si wabaya, tena wengi wao wana moyo safi. Kasoro yao ni kwamba hukumu yao hutangulia na macho yao hufuata nyuma. Appolinaire, mwenyekiti wa kituo cha bodaboda pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwa mmoja wao. Yaliyomfika nitayasimulia bila kumwonea wala kumpendelea.

Appolinaire alitoka Kivu Kusini, Kongo. Shamba aliliacha huko, ng'ombe aliwaacha huko, lakini ulimi alikuja nao mzima. Madereva wenzake walimchagua kwa sababu hakuogopa askari wala ofisi, na kila mmoja alimwita Prezida. Alipenda haki kwa dhati. Tatizo la mtu apendaye haki ni kwamba siku moja atadhani haki ni yeye.

Mkabala na kituo, chini ya mwavuli uliopauka, mama mmoja Mrundi aitwaye Léoncie aliuza petroli kwa chupa. Watu walimwita Mama Jeannette, kwa jina la bintiye wa kwanza. Pampu ya karibu ilikuwa mwendo mrefu, kwa hiyo pikipiki nyingi za pale zilinyonya mezani kwake, na chache kwa wauzaji wengine wa chupa. Aliuza kwa bei iliyoandikwa kwenye ubao wa vituo vya Mbarara, akaongeza shilingi elfu moja juu yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyemwomba apunguze alijibiwa kwa tabasamu na chupa ile ile.

Basi bei ya mafuta ikapanda. Redio ikaeleza habari za vita vya mbali, dola na meli zilizochelewa. Dereva wa bodaboda atakula meli? Abiria walikataa kuongeza nauli, na mafuta hayakukataa kupanda, na madereva wakabaki wamebanwa huku na huku. Appolinaire akaitisha mkutano.

"Umeme iko na bei ya serikali," alisema, amesimama juu ya benchi. "Mayi ya bomba iko na bei ya serikali. Sasa esanse, hii petroli yenye inalisha batoto betu, kila mutu anajipangia! Juu ya nini?"

"Prezida anasema kweli!" alidakia Ulrich, dereva kijana aliyekuwa kivuli chake. "Serikali ipange!"

"Serikali iko Kampala, na Kampala iko mbali. Tutapanga sisi benyewe, hapa hapa."

Wakapanga. Bei ikawa ile ya ubao wa Mbarara na shilingi mia moja juu yake, ya kusema ahsante. Muuzaji atakayezidisha hapo, hakuna dereva atakayenunua kwake, wala hakuna atakayembebea jerikeni lake. Makofi yakapigwa mpaka kuku wakakimbia.

Léoncie alisubiri makofi yaishe. "Prezida," alisema, "kwetu Burundi bei ya esanse iliandikwa na serikali. Ilikuwa bei nzuri sana. Tulilala kwenye foleni tunaitazama."

Watu walicheka, na Appolinaire naye alicheka. "Hiyo ya kwenu, Mama Jeannette. Hapa tuko na nidhamu."

"Na huo umeme wako, wenye kuupangia bei wanahesabu nguzo, wanahesabu nyaya. Wewe umehesabu nini?"

"Nimehesabu roho mbaya ya bauzaji!"

Makofi tena. Léoncie hakubishana. Aliuza chupa zilizokuwa mezani kwa bei ya mkutano, akaosha mikono kwa sabuni, akaufunga ule mwavuli wa biashara ya petroli na kesho yake akapanga vitunguu na dagaa. Wauzaji wengine hawakuwa wastaarabu kama yeye. Walihamishia chupa zao nyuma ya nyumba, wakawa wanauza kwa kunong'ona, kwa bei ambayo mtu hawezi kuitaja kwa sauti bila kuona aibu.

Appolinaire hakutishika. Alitangaza kwamba kituo kitauza petroli chenyewe, kwa bei ya haki, na kwamba muuzaji atakuwa yeye. Jioni alimweleza mkewe Nabintu.

"Baba Divine," Nabintu alisema, "si uende kwanza umuulize Mama Jeannette namna anafanyaka?"

"Nimuulize nini? Kujaza chupa! Hata Divine anaweza."

Divine alikuwa binti yao, mwenye umri wa miaka sita, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho ya watoto walikuwa wanakuja Mbarara kwa nadra, na safari hii walikuwa wamempangia upasuaji siku ya Alhamisi. Daktari aliyemwona mara ya kwanza alikuwa amewaambia wazi: jicho la mtoto likikaa gizani muda mrefu, ubongo hulisahau, na baada ya hapo hata upasuaji hausaidii. Alhamisi hiyo ilikuwa haina mbadala. Appolinaire alikuwa ameahidi kumpeleka mwenyewe kwa pikipiki yake, maana taksi za Mbarara huondoka zikijaa, na daktari alitaka watoto wafike mapema.

Jumatatu alikwenda Mbarara na majerikeni mawili ya plastiki, yale yale ya kutekea maji. Msichana wa pampu aliyatazama, akarudisha bomba mahali pake.

"Ssebo, plastiki hapana. Bosi nasema chuma tu."

"Dada, mbona Mama Jeannette wa Nakivale munamujazia?"

"Yule mama iko na ya chuma."

Alizunguka mjini akitoka kituo hiki kuingia kile, jua likimpiga utosini, mpaka akampata mtu wa kumkodisha jerikeni la chuma. Kukodi huko hakukuwamo katika bei ya mkutano. Njiani, kabla ya kufika Masha, alisikia baridi mgongoni: kifuniko kilikuwa kimelegea na petroli ilikuwa inamlowesha shati. Hiyo nayo haikuwamo. Alifika Base Camp ngozi inamwasha kama aliyelalia upupu, akajikaza kisabuni na kusema safari ilikuwa njema.

Jumanne akapanga meza. Sasa sikilizeni. Mama Jeannette, katika miaka yake yote ya kuuza, alikuwa akiacha nafasi ya vidole viwili kwenye shingo ya chupa, na Appolinaire, katika miaka yake yote ya kununua, alikuwa akiiita nafasi hiyo wizi. Yeye akajaza mpaka mdomoni. "Kipimo ya Kikristo!" alisema, akavikaza vifuniko. Tena hakutaka mwavuli. Alizipanga juani, wazi, ili kila apitaye aione haki inavyong'aa.

Haki iling'aa mpaka saa sita mchana. Chupa zilianza kuvimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Ya kwanza ikatema kifuniko chake, ya pili ikafuata, na petroli ikatiririka mezani, ikatoweka kabla haijafika chini. Muuza chapati aliyekuwa jirani alipiga yowe, akakibeba kikaango na jiko lake la mkaa, akakimbia navyo mpaka ng'ambo ya barabara huku akimtaja Bikira Maria.

"Prezida, meza yako inakunywa!" wakamtania madereva.

Ndipo Appolinaire alipoijua kazi ya vidole viwili. Alijua pia kazi ya mwavuli. Lakini alikuwa na kiburi chake, na kiburi hakikubali kushuka benchi mchana kweupe. Aliendelea kuuza kwa bei ya mkutano mpaka chupa ya mwisho. Jumatano asubuhi alipotazama fedha mkononi, hazikutosha kununua tena mafuta yale yale. Alitoa za kwake, akampa Ulrich aende Mbarara, na ili Ulrich afike, akaifyonza petroli ya tangi lake mwenyewe akamwekea. Ulrich angerudi jioni na kila kitu kingekuwa sawa.

Mvua ilinyesha mchana ule wote. Ulrich akapiga simu kutoka Mbarara: barabara ya huku Kabingo imekuwa tope, na kwa mzigo ule hathubutu. Atalala huko.

Alhamisi ilipopambazuka, Divine alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la kanisani. Nabintu alikuwa amemsuka nywele. Taksi ya kwanza ilikuwa imeondoka imejaa, na ya pili ilikuwa na abiria mmoja na dereva anayepiga miayo. Appolinaire aliwaendea madereva wenzake. Matangi yao yalikuwa makavu kama lake, maana ndivyo kituo kizima kilivyokuwa wiki ile. Akaenda nyuma ya nyumba, kwa wale wa kunong'ona.

"Esanse? Hapa?" wa kwanza alimshangaa. "Prezida, mimi nauza mahindi."

"Nitalipa bei yako. Bei yoyote."

"Ndivyo unavyosema ili unishike. Hapana, baba. Mimi nauza mahindi."

Wa pili alimfungia mlango. Wa tatu alimwona kwa mbali, akaingia ndani na hakutoka. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, Appolinaire aliogopa. Aliona wazi kwamba sheria aliyoitunga kwa ajili ya watoto ilikuwa inamfumba mwanawe jicho, na kwamba hakuna mwingine wa kumlaumu. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja kinachonuka petroli, yakazidi.

Mama Jeannette alikuwa anapanga vitunguu.

"Mama Jeannette," alisema, na hakuna benchi safari hii, "nisaidie. Ni mutoto. Leo njo siku yake ya jicho."

Mama yule alimtazama mtoto aliyesimama nyuma yake na gauni la kanisani. Aliingia ndani, akatoka na chupa za akiba, kila moja na nafasi ya vidole viwili shingoni, akaziweka mezani kati ya vitunguu.

"Haya. Taja bei."

"Bei? Weye njo muuzaji."

"Siyo hapa. Hapa bei unapanga wewe. Panga."

Appolinaire alizitazama chupa. Alikumbuka jerikeni la kukodi, shati lililolowa, kifuniko kilichoruka, barabara ya Kabingo na mvua yake.

"Ya ubao ya Mbarara," alisema polepole, "na elfu moja juu."

"Elfu moja?"

"Elfu moja na... mia mbili, juu ya jerikeni ya chuma."

"Jerikeni ni langu," alisema Mama Jeannette. "Elfu moja inatosha. Jaza uende, mtoto anachelewa."

Walifika Mbarara wamechafuka tope mpaka masikioni, jina la Divine likiwa limekwisha kuitwa mara moja. Muuguzi aliwakaripia, akamfuta mtoto uso, akampitisha. Appolinaire akakaa kwenye benchi la korido.

Kando yake alikaa dereva mmoja wa taksi wa pale mjini, ambaye mwanawe naye alikuwa ndani. Mtu mwenye hofu hutafuta la kusema, naye akaangukia lile lile linalosemwa nchi nzima.

"Hii mafuta, ssebo, natumaliza. Serikali napaswa kushika bei, kama ya stima. Hawa wauzaji ni wezi tu."

Wiki moja kabla, Appolinaire angepanda juu ya benchi lile.

"Ipange, ndugu," alijibu. "Hata miye nataka ipange. Masikini atakimbilia wapi? Lakini ule mwenye kupanga, akuje kwanza Nakivale. Abebe jerikeni, auze chupa mu jua, wiki moja tu. Kisha aandike bei yake, nasi tutaiheshimu."

"Weye naliuza?"

"Siku moja. Ilitosha."

Mchana muuguzi alitoka na Divine mkononi, jicho limefungwa bandeji, mtoto anaulizia soda. Daktari alisema wamewahi. Appolinaire alimpakata, akalia mbele za watu bila kujificha, na yule dereva wa taksi akampigapiga begani.

Jumapili baada ya ibada, Mwenyekiti aliifuta bei yake mbele ya madereva wote, na Jumatatu mwavuli ukafunguliwa tena. Ulrich alinung'unika. "Prezida, sasa umekuwa mutu wa bauzaji?" Appolinaire hakumhutubia. Alimpa tu jerikeni la plastiki na kumwonyesha njia ya Mbarara, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.