Kuku Asiyekuwa na Firigisi

Hapo zamani, wajukuu zangu, firigisi ya kuku ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni baba wa nyumba. Paja utakula, shingo utakula, hata kile kinyama cha mkiani utakula, lakini firigisi ilitangulia kwenye sahani ya baba. Mwanamke aliyethubutu kuitia mdomoni alifungashiwa nguo zake akarudishwa kwao. Leo nayasema nikicheka. Zamani hizo hakucheka mtu.

Basi katika kijiji cha Kwekonde aliolewa binti mmoja, Siwema. Kwao Siwema hapakuwa na baba, alifariki yeye akiwa bado anatambaa, kwa hiyo firigisi ya kwao haikuwa na mwenyewe. Anayepika ndiye anayekula. Hakuna aliyemwambia kwamba kwingine ni vingine.

Siku ya tisa ya ndoa yake akapewa kuku apike. Akapika. Akachota mchuzi aonje chumvi, upawa ukaja na firigisi. Akaitafuna. Chumvi ilikuwa sawa.

Chakula kikafika barazani. Baba mkwe wake, Mzee Sekiboko, akageuza nyama huku, akageuza nyama kule, akamwita mkewe. Mkewe, Bi Mwantumu, akaja mpaka uani.

"Mwanangu, firigisi iko wapi?"

Siwema alipouona uso wa mama mkwe akajua amekanyaga pabaya. Maneno yakamtoka yenyewe.

"Mama, kuku huyu hakuwa nayo."

"Hakuwa nayo?"

"Hakuwa nayo, mama."

"Sasa mahindi yake alikuwa anayasagia wapi?"

"Nitajuaje, mama? Mimi nimemkuta keshakufa."

Mzee Sekiboko akasema, "Vizuri. Yule kuku ana dada yake, walitotolewa siku moja. Siku ya saba tutamchinja mbele ya wazee wa ukoo. Akiwa nayo, binti huyu anarudi kwao."

Siwema akalia. Alimpenda mumewe, na mumewe alimpenda, lakini mbele ya baba yake mume yule alikuwa bubu. Zikabaki siku saba.

Sasa nyuma ya ua wa mabua alikuwepo jirani anatwanga, Bi Chausiku. Mchi ulikuwa umesimama, masikio yanafanya kazi. Na Chausiku, jamani, alikuwa akimwiga mtu, mtu mwenyewe anajishangaa. Jioni ile ile kisimani akawaigizia wenzake: Siwema anavyotetemeka, Bi Mwantumu anavyotoa macho, Mzee Sekiboko anavyochokora nyama kama kaangusha sindano. Mwisho akainua kidevu, akasema, "Kuku huyu hakuwa nayo!"

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika, wakateka upya.

Kesho yake maneno yale yakawa ya kila mtu. Shati limepoteza kifungo? "Shati hili halikuwa nacho!" Kibogoyo anaulizwa jino lake? "Kinywa hiki hakikuwa nalo!" Mume analalamika chumvi? "Mchuzi huu haukuwa nayo, bwana, kula!"

Siku hiyo alikuwepo Fundi Mhina, mziba sufuria, mtu wa kutembea kijiji hadi kijiji. Alipoondoka Kwekonde alibeba nyundo, alibeba risasi ya kuzibia, na alibeba maneno yale. Kila jiko aliloketi akasimulia. Kijiji cha kwanza alisimulia vizuri. Kijiji cha pili alilisahau jina la Siwema. Kijiji cha tatu akasema ni mkewe mwenyewe. Kufika kijiji cha nne, kuku kawa bata! Lakini yale maneno ya mwisho hakuyapoteza. Na kila alipopita, wanawake walicheka kwanza, kisha wakazitazama sufuria zao.

Siku ya saba ikafika. Wazee wa ukoo wakaketi barazani kwa Mzee Sekiboko. Dada yake kuku akachinjwa. Safari hii, ili pasiwe na ujanja, akapika Bi Mwantumu mwenyewe. Siwema nguo zake zilikuwa zimeshafungwa, kaketi juu ya furushi, kajifunika uso.

Sahani ikaletwa. Mzee Sekiboko akageuza nyama huku. Akageuza nyama kule.

"Mke wangu, firigisi iko wapi?"

Bi Mwantumu akajipangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mume wangu, kuku huyu hakuwa nayo."

  Ndipo mzee mmoja, Semdoe, aliyetoka ng'ambo ya mto, akakohoa.

"Ndugu yangu, usijisumbue. Kwangu kuku hawanazo tangu Jumatatu."

"Kwangu tangu Jumanne," akasema mwingine.

"Kwangu mimi hata bata," akasema wa tatu.

Mzee Sekiboko akafikiri. Akimrudisha Siwema, amrudishe na mkewe wa miaka thelathini, na hawa ndugu zake nao wawarudishe wake zao, na jioni nani atasonga ugali? Mabega yakaanza kumtikisika. Tumbo likafuata. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Siwema, mwanangu, fungua furushi. Hapa ni kwako." Kisha akasema, "Kesho nachinja kuku wa tatu, nampasua kwa mkono wangu, msije mkaniambia naye hana! Firigisi yake, na ya kila karamu ya ukoo huu, itakuwa ya yule aliyetutoa kwenye desturi ile akatuleta hapa. Mtu mmoja. Kadude kenyewe kadogo, tukikagawanya hakatafika hata kwenye jino."

Kesho yake sahani ikawekwa katikati, na firigisi juu yake.

Siwema akasema, "Ni yangu. Maneno yalitoka kinywani mwangu. Na furushi lililofungwa lilikuwa la nani?"

"Bi harusi wee!" Chausiku akadakia. "Ulisema mara moja, tena kwa sauti ya mbu. Yangekufia pale pale uani. Mimi ndiye niliyewafanya watu wayatamani. Mtu hasemi kitu kwa sababu ni kweli, anakisema kwa sababu ni kitamu!"

"Mtamu wewe, umefika wapi?" akasema Fundi Mhina, aliyekuwa amerudi asubuhi ile. "Kisimani na kurudi. Mama zangu, oneni nyayo hizi zilivyopasuka. Vijiji vinne!"

"Na bata ulimtoa wapi, mwongo mkubwa?" akauliza Chausiku.

"Bata ndiye aliyewafaa wasiofuga kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Walipotulia, Bi Mwantumu akasema taratibu:

"Miaka thelathini nimempikia mume wangu firigisi, sikujua ina ladha gani. Siku ile nilimwona Siwema akionja mchuzi, taya likicheza, nikanyamaza. Kisha siku saba nikasikia maneno yenu kisimani, kwenye kinu, hata msibani, mpaka nikajikuta nayasema peke yangu. Ninyi mlisema, mkaigiza, mkatembeza. Yote ni mchezo. Mimi nilikula, nikayasema mbele ya wazee, nikiwa na nyumba ya kupoteza. Nisingefanya vile, Siwema angekuwa kwao leo."

"Mama," akasema Siwema, "na nisingeyasema mimi, ungesema nini?"



Mzee Sekiboko akawatazama wote wanne. Firigisi ilikuwa inapoa. Haya, wajukuu zangu, kila mmoja na jibu lake, na msinitazame mimi: aliyeyasema, aliyeyaigiza, aliyeyatembeza, au aliyeyatenda? Je, nani alistahili kuila?