Tumbo la Fisi Lililotoka Ziwani

Mwaka huo jua la kaskazi lilikausha visima vyote, na wanyama wakasahau ladha ya nyama. Nyumbani kwa Fisi ulibaki mguu mmoja tu wa mbuzi, mkavu kama ukuni.

"Mke wangu," Fisi akamwambia Bi Siwema, "joto hili litaniua. Nakwenda ziwani siku nne nikapunge upepo. Nikipata chochote, nitakuletea."

"Nenda salama, mume wangu. Mguu huu tutaula pamoja ukirudi."

Huko ziwani Fisi alimkuta nyati amefia matopeni. Siku ya kwanza alikula akimkumbuka mkewe. Siku ya pili alikula akimsahau. Siku ya tatu alikula amelala chali. Siku ya nne akameza kwato, akashika njia ya nyumbani, tumbo limetangulia, yeye anafuata.

Bi Siwema alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Alikuwa amekonda hata madoa yake yamesogeleana. Ndani, mguu wa mbuzi ulikuwa unatokota chunguni, na jirani yao Sungura alikuwa ameleta chumvi.

Pua ya Fisi ikacheza. Ameshiba, ndiyo, lakini ni Fisi.

"Mke wangu, ziwani hakuna hata mzoga wa chura! Siku nne sijatia kitu kinywani. Nipe mguu wote, nisife."

"Na hilo tumbo?"

"Limevimba kwa njaa!" Mara akacheua, beuuu! Nyumba nzima ikanuka nyati.

Sungura akatikisa masikio. "Maskini! Uvimbe huo naujua, ulimwondoa shemeji yangu. Mgonjwa akigusa nyama tu, hupasuka pwaa! Dawa yake ni mwarobaini, kata nzima."

"Jirani, huenda si ugonjwa huo..."

"Kwani ulikula?"

"Sijala!"

"Basi kunywa."

Bi Siwema, machozi yakimlengalenga, akaleta kata ya maji ya mwarobaini, akambana mumewe pua na kummiminia. Tumbo likanguruma, likapinduka, na nyati akaanza kurudi: mkia, mbavu, kisha kwato, moja baada ya nyingine.

Machozi ya Bi Siwema yakakauka. "Bwana Fisi, vyura wa ziwani siku hizi wana kwato?"

Mkewe akamsukuma nje, akakomea mlango, akaketi kuutafuna ule mguu taratibu, huku mumewe akisikiliza mfupa ukivunjika na kulamba midomo michungu.

Njia ya mwongo ni fupi.