Ukuta wa Shekilindi

Mwanakombo, fundi cherehani wa Tanga, alikitaka kiwanja kitupu kilichopakana na nyumba ya tajiri Shekilindi, ajenge nyumba ya ghorofa. Shekilindi, mwenye kiwanja, alitoa sharti moja.

"Nyumba yako isizidi kimo cha ukuta wangu. Tuandikishane."

"Haya, mzee wangu," alisema Mwanakombo, akatia saini.

Kesho yake alipanda ngazi, akachungulia upande wa pili.

"Shikamoo, mzee! Pole na kufua!"

Shekilindi, aliyekuwa akimfulia mkewe kwa siri, aliona haya, akaita mafundi waupandishe ukuta. Mwanakombo akaazima ngazi ndefu zaidi.

"Leo mashuka, mzee?"

Ukuta ukapanda tena. Ulipofikia kimo cha ghorofa mbili, Mwanakombo alirudisha ngazi kwa mwenyewe, akaagiza matofali.