Gurudumu Lenye Kelele

Gurudumu lenye kelele silo lipandalo mlima. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule kijana wa pikapu, mkacheka, na sasa mnataka kujua methali ilikotoka. Ilianzia kwetu milimani, nami nilikuwapo.

Sechonge alikuwa na pikapu kuukuu. Kila siku ya gulio aliisimamisha kwenye lami mbele ya soko, akashika breki na kukanyaga mafuta, gurudumu la nyuma likazunguka papo hapo mpaka likatoa moshi. Watu walishangilia. Fundi Kupaza peke yake ndiye aliyetazama chini.

"Magurudumu ya nyuma mawili, alama nyeusi moja," alisema. "Hilo jingine lilikuwa limelala?"

"Fundi, wivu utakuua," Sechonge akamjibu.

Masika yale mama yake Sechonge, Mama Nambua, alianguka na mzigo wa kuni akavunjika paja. Tuling'oa mlango wa jikoni, tukamlaza juu yake na kumfunga kamba, tukampakia nyuma ya pikapu tumpeleke hospitali. Mimi nilikaa kichwani pake, Kupaza miguuni. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Kwenye kona ya mwisho ya mlima, gurudumu la kushoto, upande wa bonde, likaingia kwenye utelezi. Sechonge akakanyaga mafuta. Gurudumu likalia, tope likaturukia usoni, na gari, badala ya kupanda, likasogea shubiri moja kuelekea ukingoni. Akakanyaga tena. Shubiri nyingine. Ule mlango aliolazwa ukateleza hadi ukagonga ubao wa nyuma, Mama Nambua akapiga ukelele. Nilichungulia bondeni nikaona migomba, midogo kama miche ya vitunguu. Nikanyanyua mguu niruke.

"Keti!" Kupaza alinifokea. "Uzito wetu ndio unaoshikilia gari. Ukiruka, mama huyu anakwenda peke yake."

Nikaketi. Mama Nambua alikuwa akinitazama machoni. Alijua nilichotaka kufanya.

Kupaza akagonga paa. "Sechonge! Acha mafuta!"

"Nikiacha tunaporomoka!"

"Mafuta ndiyo yanayotuporomosha! Difu inayogawia magurudumu nguvu inaipeleka yote kwenye hilo linaloteleza. La kulia limekanyaga changarawe na halipati kitu. Vuta breki ya mkono nusu, libane hilo lenye kelele. Kisha mafuta kidogo. Kidogo kabisa!"

"Nifunge breki, na huku nataka kupanda?"

"Mwanangu," Mama Nambua akasema juu ya ule mlango alipolala, "msikilize mwenzio. Mimi nimefungwa kamba."

Injini ikashusha sauti. Tukasikia breki ikivutwa, ka, ka, ka. Gari halikwenda mbele wala nyuma. Kisha gurudumu la kulia, lile lililokaa kimya muda wote, likaanza kuzunguka polepole. Changarawe zikasagika chini yake. Tukapanda, hatua kwa hatua, mpaka ukingo ukabaki nyuma yetu.

Huko juu Sechonge alishuka akaja kwa mama yake. Akakaza kamba zilizolegea. Akafungua kinywa aseme neno, mama akamtangulia.

"Moshi wako sokoni niliusikia ukisifiwa, mwanangu. Leo nimejua. Gurudumu lenye kelele silo lipandalo mlima."