Ukuta Uliosinzia

"Aliyeuona ukuta umepinda akacheka, naye amejenga." Ndivyo alivyowaambia yule mama wa getini kule Sokoni, siyo? Nanyi mmekuja mbio hapa tawini kwetu Reli kuniuliza kama amewatukana. Hajawatukana. Kaeni. Wewe mwenye vuvuzela, iweke chini, masikio yangu bado nayahitaji. Methali hiyo si ya mababu wa kale. Ilizaliwa hapa hapa Isenga, mimi nikiwa na meno yangu yote, na kama mna subira nitawaambia ilivyozaliwa.

Timu zilikuwa hizi hizi mbili. Sisi Reli tulikuwa na uwanja wenye ukuta na geti la chuma, tuliorithi kwa watu wa treni. Wao Sokoni walikuwa timu ya wachuuzi na wapagazi, na uwanja wao ulikuwa kile kiwanja cha mnadani. Ng'ombe wakipita, mpira unasimama. Kipa wao aliwahi kufungwa bao huku anamfukuza ndama golini. Tulicheka mwaka mzima.

Basi mwaka mmoja, sijui walikula nini, Sokoni wakachukua ubingwa wa mkoa. Wakubwa wa mpira wakawaambia: mnapanda daraja, lakini tunataka uwanja wenye ukuta pande zote, na tarehe ya ukaguzi ni hii. Ukuta usipokuwepo, nafasi inakwenda wilaya nyingine. Walikuja kuomba kutumia uwanja wetu. Tukawajibu kwamba watani hawalali kitanda kimoja. Tena tuliona tumesema neno la busara!

Mwenyekiti wao alikuwa Bi Nyamizi, muuza dagaa, mama wa makamo asiye na makuu. Alipita kizimba kwa kizimba akimwomba kila mtu tofali. Muuza nyanya alileta matano, wapagazi wakaleta toroli zima. Wakachimba msingi wenyewe na kujenga wenyewe jioni baada ya kufunga soko, maana fundi wa kumlipa hawakuwa naye.

Fundi alikuwepo mjini, tena hodari. Aliitwa Lugusi. Nyumba alizojenga Lugusi mpaka leo hazina ufa. Ila Lugusi alikuwa mtu wa Reli damu na nyama, na ndiye aliyekuwa kinara wetu wa nyimbo. Akifungua mdomo jukwaani, hata anayeumwa jino anacheka. Kumwomba awajengee Sokoni ilikuwa sawa na kumwomba paka alinde kitoweo, kwa hiyo hawakumwomba.

Ukuta ulipofika juu ya kichwa cha mtu, tukaalikwa kwao kucheza mechi ya kirafiki. Tulikwenda wengi, na hamu yetu haikuwa mpira. Lugusi alikuwa na timazi yake mfukoni, ile shaba ndogo iliyofungwa uzi, ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Wakati wa mapumziko akapanda juu ya pipa mbele ya umati, akashika uzi kwenye ncha ya ukuta wa upande wa mnada, akaiachia shaba ishuke. Ilipotulia, ilikuwa mbali na mguu wa ukuta kwa vidole vinne.

"Jamani!" akapaza sauti. "Huu ukuta haujapinda. Umechoka! Unasinzia!"

Akaanza kuimba papo hapo: *Ukuta wa Sokoni, mwe, unasinzia! Uleteeni mto, mwe, ulale vizuri!* Sisi tukapokea. Tuliimba mpaka mechi ikaisha, sikumbuki hata nani alifunga. Watu wa Sokoni nao walicheka, kwa sababu utani ni utani, na aliyekasirika ameshindwa.

Lakini Lugusi mwenyewe, na haya aliniambia kwa kinywa chake baadaye, aliposhuka kwenye pipa hakuwa anacheka tena moyoni. Alikuwa ameuona ule msingi. Haukwenda chini sana, na ulichimbwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Vidole vinne bila mvua. Je, mvua ikija? Alijua jibu kama anavyojua jina lake.

Kesho yake asubuhi Bi Nyamizi alimfuata kazini. Lugusi alikuwa anajenga nyumba karibu na stesheni, na wenzetu watatu wa tawi walikuwa wamekaa pale wakimpigisha soga. Bi Nyamizi alishika kifurushi cha dagaa, maana hakuwa mtu wa kwenda kwa mwenzake mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," Lugusi akasema, akifuta mwiko.

"Marahaba, baba. Kazi inakwendaje?"

"Inakwenda."

"Nimekuja na swali moja tu, nisikucheleweshe. Jana pale juu ya pipa, ulikuwa unatutania, au umeona kitu?"

Wale watatu wakamtazama Lugusi, midomo imeshaanza kuchezacheza. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, vijana wangu, wala siyo kule uwanjani. Siku za kufikia ukaguzi zilikuwa bado kumi na sita. Kuweka miti ya kuuegemeza, kushusha matofali, kuchimba msingi upya ule upande mmoja: kwa fundi kama yeye ni kazi ya siku nne. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Mama, mvua ikinyesha ule ukuta utaanguka." Basi, hilo tu. Lakini aliwatazama wale watatu, akafikiria watakavyomwita tawini jioni: fundi wa Sokoni, mpwa wa Bi Nyamizi.

"Ah, mama," akasema, "mimi ni mtu wa Reli. Habari za ukuta wenu nizijulie wapi? Uleteeni tu huo mto."

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akaangusha kikombe. Bi Nyamizi naye akatabasamu kidogo, kiungwana.

"Haya, baba. Basi ni utani. Nimefurahi, maana usiku sikulala." Akamwekea dagaa juu ya mfuko wa saruji, akaaga, akaenda zake.

Dagaa wale Lugusi aliwala. Mkewe aliwaunga kwa nyanya na karanga, akauliza wametoka wapi. Akasema amepewa na mteja. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anawataja wale dagaa, na akiwataja alikuwa anatazama chini.

Tangu siku ile alianza kuujua ukuta kuliko waliojenga. Njia yake ya kazini ilipita mnadani. Jumatatu aliona ufa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Alhamisi kidole kiliingia. Wiki iliyofuata akabadilisha njia, akawa anazunguka na baiskeli kupitia msikitini, safari ya maradufu, ili asiuone. Tukimwambia aimbe, anaimba, lakini ule wimbo wa mto hakuuanzisha tena. Sisi tulimwanzishia. Mtu mzima anakimbia ukuta! Aibu ni kitu cha ajabu, ikikaa ndani bila kusemwa inamfundisha mtu njia za panya.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ijumaa mchana Lugusi alisimama barazani kwake akitazama maji yakipita barabarani mekundu, akasema moyoni: kesho nakwenda kuwaambia, wacha wanicheke. Kesho! Kama vile ukuta una kalenda.

Jumamosi asubuhi jua likatoka zuri. Sokoni walikuwa wamejaa kiwanjani wakipaka chokaa, kwa sababu wakaguzi walikuwa waje Jumatatu. Lugusi alipanda baiskeli, timazi mfukoni, na njiani alikuwa anayapanga maneno yake. Alikuwa amefika kwenye kona ya mashine ya kusaga aliposikia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi linaposhushwa chini, kisha jingine, kisha mengi. Halafu watu wakapiga mayowe.

Upande wote wa mnada ulikuwa umelala chini. Wengi waliruka wakapona. Bi Nyamizi hakuwahi. Alikuwa na ndoo ya chokaa mkononi na mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya matofali, yale yale aliyoyaomba mojamoja. Lugusi aliitupa baiskeli akaanza kufukua kwa mikono. Kucha zilitoka damu. Hakuna aliyemwuliza yeye ni wa timu gani.

Jumatatu wakaguzi walikuja, wakatazama lile lundo, wakaandika, wakaondoka. Hawakumaliza hata chai. Nafasi ikaenda wilaya nyingine.

Nasi tulifanya nini? Jumatatu ile ile kuna watu hapa tawini walianzisha wimbo mwingine, kwamba ukuta umeshapata mto. Lugusi akasimama katikati ya wimbo akatoka nje. Alikwenda moja kwa moja hospitali.

Bi Nyamizi alikuwa amelala chali, mguu umefungwa plasta ngumu mpaka pajani. Lugusi alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama, nilijua," akasema.

"Najua ulijua, baba. Nilikutazama pale juu ya pipa. Mdomo wako ulikuwa unacheka, lakini jicho lako lilikuwa kazini. Ndiyo maana nilikuja."

"Mbona hukunikazania? Ungenikazania ningesema."

"Nikukazanie vipi? Nilikuuliza neno la kweli, ukanijibu mbele ya watu. Nilikuamini."

Lugusi akashindwa kuinua uso. Akasema yale ambayo mtu husema akibanwa na aibu, akitafuta mahali pa kujificha: "Ila mama, mimi sikuujenga ule ukuta. Hata tofali moja sikuweka."

Bi Nyamizi alimwekea mkono begani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Sisi tulioujenga hatukujua," akasema. "Tuliweka kila mtu tofali lake kwa ujinga wetu. Wewe ulijua. Sikiliza, mwanangu. Aliyeuona ukuta umepinda akacheka, naye amejenga."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mguu nao utapona, daktari ameniambia. Ila wale wachezaji wangu ilikuwa zamu yao mwaka huu. Hiyo nafasi utanirudishia wapi?"

Swali hilo Lugusi alikwenda nalo mpaka kaburini. Lakini Jumanne alikwenda mnadani peke yake na sururu. Akachimba msingi mpaka ukavuka ule udongo mweusi ukakuta changarawe. Kila mstari wa matofali alishusha timazi, akasubiri shaba itulie, ndipo akaendelea. Reli walipita wakimzomea. Waliimba wimbo wake mwenyewe, mwe, unasinzia, na yeye hakugeuka. Alijenga miezi miwili bila kudai hata chai. Ukuta ule ndio mliouegemea leo mchana mkila miwa.

Sokoni hawakupanda tena. Kila mwaka wanakaribia, kila mwaka wanakosa. Bi Nyamizi alitembea na fimbo mpaka mwisho wa maisha yake, na mimi nikikutana naye sokoni nilikuwa napita upande wa pili wa vizimba vya samaki. Mnanitazama? Mnafikiri haya yote nimeyasikia tu kwa Lugusi? Mapipa huviringika, wajukuu zangu. Fundi hapandi juu ya pipa tupu mbele ya umati bila mtu wa kulishika. Aliyelishika ni mimi. Na ile shaba ilipotulia, nilikuwa chini pale, uso wangu uko karibu na mguu wa ukuta kuliko mtu yeyote. Niliiona ile nafasi ya vidole vinne. Mimi si fundi, lakini macho ninayo. Nami niliimba kwa nguvu kuliko wote.

Sasa niambieni. Mmekuja hapa mnacheka mbavu hamna, kwamba jukwaa jipya la Sokoni lina nguzo inayocheza kama jino bovu, na mmeshaitungia wimbo. Sitaki kuusikia huo wimbo. Nataka kujua jambo moja. Ile nguzo, mliigusa kwa mkono?

Haya, mliigusa. Na ilicheza?

Ilicheza kweli, au ni utani?

Basi ilicheza kweli. Tazameni ile saa ukutani. Ni saa tisa na robo. Mechi yao inaanza saa kumi, na pale jukwaani wanakaa watoto wa shule na akina mama wenye vikapu. Yule mama wa getini hakuwatukana. Aliwasikia mkicheka, akawauliza kwa methali lile swali ambalo Bi Nyamizi alimwuliza Lugusi, nanyi mkamkimbia.

Naam, wewe, simama. Hapana, vuvuzela iache hapa. Na hiyo jezi ya Reli usiivue, nenda nayo hivyo hivyo. Watakuzomea kidogo, watadhani umekuja kuwatania, kwa hiyo sema polepole, usitabasamu, mshike mtu mkono umpeleke mpaka kwenye nguzo yenyewe. Wenzako watakucheka jioni. Hata mimi nilikuwa naogopa kuchekwa jioni.

Kimbia, mwanangu. Aliyeuona ukuta umepinda akacheka, naye amejenga.