Bi Pimbi na Mnada wa Mali ya Mto

— Wangu, mko?
— Tuko.
— Nilete, au nikae nayo?
— Lete.
— Na ikiwa na uongo?
— Tutaila na uongo wake.
— Haya, sogeeni. Ngano ya kurushiwa kwa mbali hufika imepoa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na baraza, na baraza likawa na maneno mengi kuliko kazi, alikuwako Bi Pimbi. Aliishi mwambani peke yake. Hakuzaliwa peke yake. Alikuwa na dada, na wao wawili walikuwa na kinu kimoja chenye michi miwili. Asubuhi dada alipiga du, mdogo akajibu di. Du, di. Du, di. Majirani walijua kumekucha kwa kinu hicho.

Mwaka mmoja mto ukafurika. Ukaja vuuu, ukamchukua dada, ukachukua kinu na michi yake. Maji yalipopungua, kinu kilionekana kimekwama matopeni. Dada hakuonekana. Bi Pimbi akawa anasaga mtama kwa kokoto juu ya jiwe, unga unatoka na mchanga, na hana hata wa kumwambia kwamba unga una mchanga.

Akaenda barazani. "Wazee wangu, kile kinu ni changu."

Baraza likamwambia, "Mali iliyobebwa na mto ni ya baraza. Tutainadi tujenge daraja. Ila kama una shahidi, mlete."

"Shahidi wangu ndiye aliyekuwa anashika mchi wa pili."

"Basi huna shahidi."

Hivyo ndivyo mabaraza yalivyo, wangu. Msinikasirikie mimi, mimi nasimulia tu.

Bi Pimbi akamwendea dalali wa mnada, Bwana Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo kama shoka. "Shikamoo, bwana. Mimi sijawahi kununua kitu mnadani. Nifanyeje?"

Hondohondo alipenda kuulizwa. "Marahaba. Kuuliza si ujinga. Leo ni siku ya kukagua: pita, tazama, gonga, nusa. Kesho nitataja bei. Mwenye kutaka atanipa alama yake, na mwingine akitaka ataongeza. Nikigonga mdomo mara tatu, ko, ko, ko, imekwenda. Ukishinda unalipa pale pale. Hakuna nitarudi."

"Alama yangu ni ipi?"

"Chagua mwenyewe, ila hubadilishi."

"Nitainua mkono wa kulia. Nina pishi saba za mtama, bwana."

"Usiniambie mimi! Usimwambie mtu. Kiasi chako kiweke moyoni na usikizidi. Na kubwa kuliko yote, usionyeshe unachokipenda."

Bi Pimbi akasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Akaenda kukagua. Akapita chungu chenye ufa, akapita ndara ya mguu mmoja, akapita mlango usio na nyumba. Akafika kwenye kinu. Hapo akasahau yote aliyofundishwa. Akakikumbatia akalia.

Na nani alikuwa amelala pale ukingoni, jicho moja wazi? Kiboko. Kiboko alikuwa na ghala zima la mtama, na hakuna mnada uliompita. Hakununua kwa sababu anataka. Alinunua kwa sababu mwingine anataka. Hata alama yake ilikuwa ya mvivu: akifungua kinywa, amepandisha dau. Kuinua mkono aliona ni kazi.

"Bibi, unalilia nini?"

"Vumbi tu limeniingia."

"Vumbi gani matopeni? Kitu kinacholiliwa kina thamani. Kesho nakinunua."

"Bwana Kiboko, wewe hutwangi."

"Sitwangi. Nitakiweka."

"Ukiweke kwa nini?"

"Ili usiwe nacho wewe." Akacheka, ho, ho, ho, mpaka matope yakatikisika.

Bi Pimbi akarudi mwambani. Mwenye dada angeshauriana na dada. Yeye alishauriana na jiwe, na jiwe lilikubali kila alichosema. Akaongea nalo mpaka akapata la kufanya.

Siku ya mnada wanyama wakajaa. Kiboko akakaa mbele. Bi Pimbi akaenda kukaa ana kwa ana naye, uso kwa uso.

"Chungu!" akasema Hondohondo. "Ufa wake mmoja tu. Pishi moja, nani?"

Bi Pimbi akainua mkono. Kiboko alikuwa anakingoja kinu tu, akatazama pembeni. Basi Bi Pimbi akamtazama, akapiga mwayo. Aaaauuuh. Mwayo hauna adabu, wangu, hauulizi huyu ni mkubwa au mdogo. Ukamwingia Kiboko. Aaaauuuh!

"Bwana Kiboko, pishi mbili! Ko, ko, ko. Imekwenda."

"Mimi nilipiga mwayo," akasema Kiboko.

"Kinywa wazi ni alama yako. Uliichagua mwenyewe."

Ikaja ndara ya mguu mmoja. Bi Pimbi akainua mkono, akapiga mwayo. Aaaauuuh. Kiboko naye, aaaauuuh! Ko, ko, ko. Ndara ikaenda kwa mwenye miguu minne.

Ukaja mlango usio na nyumba. Safari hii Ngiri naye aliutaka, wakapandishana yeye na Bi Pimbi mpaka pishi saba. Ngiri akanyamaza. Bi Pimbi akabaki juu, mtama wake wote umening'inia kwenye ule mkono. Akapiga mwayo. Kiboko akabana meno. "Mara ya kwanza," akasema Hondohondo. Bi Pimbi akapiga mwayo wa pili. Kiboko akatoa machozi, mashavu yakamvimba. "Mara ya pili." Bi Pimbi alijiona akirudi nyumbani na mlango, mtama wote umekwisha, na kinu kikibaki. Akapiga wa tatu, na huo haukuwa wa hila. Alikuwa amechoka kweli, hakuwa amelala vizuri tangu mafuriko.

Aaaauuuh! Kiboko akafunguka kama shimo.

"Pishi nane! Ko, ko, ko!"

Wanyama wakacheka. Kiboko akanong'ona, "Leo nina nini mimi?"

"Umechoka, bwana wangu," akasema Bi Pimbi. "Ningekuwa wewe ningekifunga kinywa, kisije kikakununulia mnada mzima."

"Nitakifunga na nini?"

"Nina kamba ya mkonge hapa."

"Na kinu kikifika?"

"Kwani mimi naenda wapi? Si nipo hapa hapa?"

Kiboko akaona kumbe haka kadogo kamemtambua mkubwa wake. Akanyoosha mdomo. Bi Pimbi akauzungusha kamba mara saba, akapiga fundo, na wanyama wakasema, tazameni huruma ya Bi Pimbi. Likanadiwa kapu lililotoboka. Bi Pimbi akapiga mwayo. Kiboko akavimba, lakini kinywa kikakaa kimya. Kapu akalichukua Ngiri. Kiboko akafurahi kwa macho.

"Kinu cha mninga na michi yake miwili! Pishi moja, nani?"

Bi Pimbi akainua mkono wa kulia. Wengine wote wakatazama chini, maana walisikia Kiboko anakitaka, na nani anataka ugomvi na Kiboko?

"Mmmh!" akasema Kiboko.

"Sijakusikia vizuri, bwana," akasema Hondohondo.

"Mmmh! Mmmh!" Akamgeukia Bi Pimbi, akamsukumia mdomo.

"Nisamehe, bwana. Mkono wa kulia ndio dau langu, siwezi kuushusha. Na wa kushoto umeshika mtama."

Hondohondo akakuna shingo. "Mmmh si alama. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ko. Ko. Ko. Imekwenda kwa Bi Pimbi."

Akalipa pishi moja pale pale. Akakisukuma kinu, bingiri, bingiri, mpaka mwambani, kisha akarudi kuchukua michi.

Akakiosha. Akatia mtama. Akapiga du. Akasimama kidogo, hajui anangoja nini. Akapiga du. Akasimama tena. Unga ulitoka mweupe, hauna hata chembe ya mchanga. Ndipo akalia sawasawa, kwa sababu moyoni alikuwa amejidanganya kwamba kinu kikirudi, na mengine yatarudi.

Siku ya tatu akalikumbuka lile fundo. Akajiambia, lazima kuna mtu amemfungua. Akashuka mtoni.

Kiboko alikuwa amelala kati ya chungu, ndara na mlango, kamba bado iko mdomoni. Kila alipovuta, fundo lilikaza. Wanyama walikuwa wamepita siku zote tatu, kwa ng'ambo ya pili. Bi Pimbi akaifungua, akarudi nyuma hatua kadhaa, maana hila ni hila na meno ni meno.

Kiboko hakumfanya kitu. "Siku tatu nasema mmmh," akasema, "na hakuna aliyekuja kuuliza nasema nini."

"Mimi sikufungwa kinywa," akasema Bi Pimbi, "na siku hizo tatu sikusema na mtu."

Kiboko akatazama kule mwambani.

"Kinu kikoje?"

"Kizima. Ila kina upweke, sikuuona upweke wake wakati nakinunua."

"Nije nishike mchi wa pili?"

"Utauvunja."

"Nitauvunja," Kiboko akakubali. Akatazama mali zake. "Huutaki huu mlango?"

"Nina nani wa kumfungulia?"

"Hata mimi sina," akasema Kiboko.

Wakakaa hivyo, huyu majini, huyu kwenye jiwe. Kisha Bi Pimbi akaaga, kwa sababu alikuwa ameanika mtama na wingu lilikuwa linakuja.

Basi, wangu, ngano yangu imeishia mlangoni. Mimi sitoki nayo, tokeni nayo nyinyi, na atakayeikuta imepungua aongeze mwenyewe.

Mnauliza funzo? Funzo lipo. Bibi yangu, aliyenipa ngano hii, alinipa na funzo lake, na sijalibadilisha: ukienda mnadani nenda na mtama, kagua mali, funga kinywa, shinda, kisha rudi kwako ukatulie na kitu chako, kwa maana mwenye kitu chake hahitaji mtu. Ndivyo alivyosema, hahitaji mtu. Alikuwa akilisema kila mara nilipoaga kuondoka, na alilisema amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.